Mikono Isiyo na Harufu

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kukuweka. Barua yako imelala chini ya mto wangu hadi pembe zake zimelegea, na kila nikisema leo nakaa namjibu Dada, najikuta nimeshika ufagio. Nafagia palipokwisha kufagiliwa, nafua vilivyofuliwa. Ungeniona ungecheka kile kicheko chako cha kujishika mbavu. Simu ninayo, usiniulize habari ya simu. Ila nikisikia sauti yako tu nageuka kitinda mimba tena, nasema ndiyo kwa kila kitu, halafu naumia baadaye peke yangu. Uliloniuliza halifai kujibiwa namna hiyo. Kwa hiyo leo nimekaa mezani, redio nimeizima, nakuandikia taratibu kama tulivyofundishwa shuleni, salamu zikitangulia.

Hujambo? Mgongo umeachia, au bado unainuka kitandani kwa awamu kama ngamia? Shemeji amerudi safari, au bado yuko barabarani na lori lake? Mwambie nimepokea salamu zake na ule utani wake nimeuelewa, nimechelewa tu kucheka. Na Kijiko wangu je? Lile jino la nyuma limetoka? Bado analala na kijiko mkononi, au sasa amekua anaona haya? Jina hilo ulimpa wewe, siku alipokataa kuachia kijiko cha uji hadi ukamwogesha nacho, na sasa hata mimi nikimwita jina lake lenyewe naona kama namwita mtoto wa jirani.

Mimi sijambo wa mwili. Nakula, nalala, nakwenda kazini, narudi. Chumba ni kile kile cha ghorofani, dirisha likitazama ukuta wa jengo jingine, hivyo jua nalisikia kwa watu. Nyuma ya ukuta wa kitanda changu ndipo anapokaa yule fundi cherehani niliyekutajia, mama wa makamo, mjane, na cherehani yake ndiyo sauti ninayoisikia kuliko sauti ya mtu yeyote. Ikinyamaza Jumapili ndipo najua kweli nimebaki peke yangu. Bawabu wa kazini ananidai kitambulisho kila asubuhi kana kwamba jana tulikuwa watu wengine. Nimeanza kuongea na vyombo, Dada. Juzi sufuria ilianguka nikaiambia pole, nikasubiri kama itajibu.

Sasa niseme wazi kwamba barua yako nimeielewa. Unataka Kijiko, mwanangu niliyekuachia nilipokuja huku kazini, abaki kwako moja kwa moja. Unataka umwandikishe chekechea kama mwanao wa kumzaa, kwa sababu anakuita Mama, na kumtoa hapo sasa ni kumvunja moyo bila sababu. Uliandika vizuri, hukuweka neno moja la ukali, na ndiyo maana lilinichoma. Jibu liko humu humu ndani, usiruke kurasa kulitafuta. Niache nikusimulie kwanza, kwa sababu jibu lenyewe limepitia kazini kwangu, na nikilitoa likiwa uchi hivi litaonekana ukaidi.

Najua unawaambia majirani kwamba mdogo wako anatengeneza umeme. Dada, mimi naosha chupa. Mahali penyewe ni maabara ya utafiti, na wanachokihangaikia ni kifaa, hiki cha kwetu ukubwa wake kama kitabu kinene, kinachopewa gesi ya hidrojeni upande huu na hewa upande ule, kikatoa umeme bila moto wala moshi. Kinachotoka nyuma ni maji. Siku nilipooneshwa mara ya kwanza kilikuwa kinazungusha pangaboi dogo la kuchezea, na kwenye kimrija chake likatokea tone, likaning'inia, likaanguka. Nilitaka kupiga makofi, nikaona aibu.

Ndani ya kifaa hicho umepakwa unga mweusi kuliko masizi, unaitwa kichocheo. Gesi zile mbili bila huo unga zinapishana tu kama watu waliogombana. Unga unaofanya kazi vizuri ni wa platinamu, madini yale ya pete za wenye uwezo, na kwa sababu hiyo kifaa hakishikiki kwa bei. Mkuu wangu wa kazi ametumia ujana wake kuichanganya platinamu na nikeli ili ihitajike kidogo tu. Ni daktari, lakini si wa kutibu watu. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Sisi wa chini tunamwita Bi Tone, kwa sababu ya kuhangaikia matone, naye anajua na anajifanya hajui.

Kuosha kwenyewe si kuosha unakokujua wewe. Chupa inalazwa kwenye tindikali, inasuuzwa, inachemshwa katika maji yaliyochujwa mpaka hayana hata chumvi, inasuuzwa tena, inachemshwa tena. Kisha unaiinua kwenye mwanga, unafumba jicho moja, unaigeuza. Maji yakiteleza yote kwa pamoja, kama shuka inayovutwa kitandani, chupa ni safi. Yakikatika yakawa matone, basi kuna mafuta, hata kama ni ya ncha ya kidole, nawe unaanza upya bila kunung'unika. Kwa ajili hiyo hatujipaki kitu. Si losheni, si mafuta ya nywele, si manukato, na sabuni yenyewe haina harufu. Mikono yangu uliiona. Imekauka imekuwa kama mfuko wa saruji.

Niliwahi kumuuliza Bi Tone kwa nini anaogopa kidole changu kuliko anavyoogopa gesi inayolipuka. Alicheka, akavuta kiti, akanieleza, na alinieleza kama mtu anayependa kuulizwa. Alisema kila punje ya ule unga ina nafasi juu yake, nizifikirie kama viti. Oksijeni ya hewani hutembea wawili wawili wameshikana. Inakuja, inakaa, unga unaishika, wale wawili wanaachana, kila mmoja anakutana na hidrojeni, wanainuka wakiwa maji, na kiti kinabaki wazi kwa wengine. Shida yote iko kwenye mshiko. Unga ukishika kwa ulegevu, oksijeni inapita kama mgeni asiyekaribishwa. Ukishika kwa nguvu mno, inakaa na haiinuki tena, kiti kimekufa. Nikeli anaiweka ili ilegeze mkono wa platinamu kidogo, kidogo tu. Na mafuta ya kidole? Hayo, alisema, ni mtu aliyeingia ukumbini bila kualikwa, akajinyoosha juu ya viti vyote akalala.

Sasa rudi nyuma kidogo, likizo ile niliyokuja kwako. Unakumbuka nilivyoingia mlangoni nikiwa nimenyoosha mikono, na Kijiko alivyokushika goti. Nilichuchumaa nikamngoja. Akaja, kwa kweli alikuja, akashika kiganja changu akakileta puani. Akanusa. Akanusa tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Halafu akageuza uso akauficha shingoni mwako. Wewe ukataka kuniondolea aibu ukatania, ukasema, "Mdogo wangu, umejiosha mpaka ukafutika!" Nilicheka. Nilicheka sana, na nikaenda jikoni kuosha vikombe vyako vyote, na wewe ukaja kunisimanga kwamba naviinua juani kama polisi anayekagua leseni, nikisema bado vina matone. Kijiko alikuwa chini ya meza, amenipa mgongo. Ndivyo nilivyodhani.

Siku niliyoondoka nilichukua soksi yake moja ya njano. Uliitafuta, ukaniandikia kwamba paka wa jirani ameanza wizi. Paka hana kosa, mwombe radhi.

Soksi hiyo ilikuwa na harufu ya yale mafuta unayompaka akitoka kuoga, pamoja na ile harufu yake mwenyewe ya mkate na jasho la kichwani. Niliiweka mfuko wa kulia wa koti langu la kazi. Sikuwa naitoa. Nilikuwa naishika tu nikiwa nasubiri maji yachemke, kwa vidole viwili na gumba, glavu zikiwa mkononi, halafu narudi kwenye chupa zangu. Sikufikiri. Glavu si ngozi, nilijiambia, kama kweli nilijiambia kitu. Na shingo za chupa hatuzisimamii sana, macho yetu yako tumboni mwa chupa ambako kazi inafanyika.

Basi unga wa Bi Tone ukaanza kufa. Leo unapima hivi, kesho chini ya hivyo. Alibadilisha nikeli, akapika upya, ukafa. Alibadilisha joto, ukafa. Na wakati huo wakubwa wa taasisi walikuwa wanakuja kuukagua, na ilikuwa inajulikana kwamba usiporidhisha meza yake anapewa mtu mwingine mwenye wazo lingine. Akakonda. Akawa anakula amesimama, akinung'unika mbele yangu, na mimi namwambia pole Daktari, pole sana, huku vidole viko mfukoni.

Kilichomwamsha ni jambo dogo. Alichukua unga wa platinamu tupu, ule wa dukani ambao kila maabara inajua unapima kiasi gani, akaupima kwenye chupa zetu. Nao ukafa. Akasimama katikati ya chumba akasema kwa ile sauti yake, "Kumbe si mtoto mgonjwa, nyumba ndiyo mbovu!" Akatukagua sote, maji, sabuni, tindikali, glavu. Akaniambia niendelee kuosha kama kawaida, yeye akae tu pembeni. Nikaosha. Akainua chupa yangu kwenye mwanga, na shingoni, pale nilipoishika, maji yakakatika matone, vidole viwili na gumba, wazi kama mtu aliyetia sahihi.

Akaniuliza mfukoni kuna nini. Nadhani alitegemea peremende. Nikatoa soksi.

Aliipokea kwa koleo dogo kama mjusi aliyekufa. Akainusa, akainusa tena. Akauliza mtoto ana umri gani, nikasema anakaribia mitatu. Akauliza yuko wapi, nikasema kwa dada yangu. Nilingoja afungue mdomo anifukuze, na hata nilikuwa nimeanza kufungua vifungo vya koti. Badala yake alisema kazi yake imewahi kuharibiwa na vumbi, na umeme wa kukatika, na mwanafunzi aliyependa kupiga chafya, lakini soksi ilikuwa ya kwanza. Kisha akakaza uso. Akasema soksi haimuudhi. Kinachomuudhi ni kwamba amelia mbele yangu muda wote huo na mimi nilikuwa nampa pole huku nimeishika.

Akanipa chupa ya mfuniko wa kukaza, akaniambia soksi ikae humo, kwenye kabati la nguo nje, na nikitaka kuinusa nivue glavu, niende, ninuse hadi nitosheke, ninawe, nirudi. Nikaosha kila kioo cha maabara ile upya, nikavaa koti jipya lililoshonwa mifuko yote. Unga ukafufuka. Siku ya wakubwa ulifanya vizuri kuliko platinamu tupu, meza ikabaki yake, na Bi Tone akapita nyuma yangu akanipiga bega bila kusema kitu.

Mimi nikabaki na chupa yangu kabatini. Lakini Dada, harufu si kitu cha kufunguafungua. Kila nilipokaza na kulegeza ule mfuniko ilipungua. Mwishowe nikafungua siku moja nikanusa soksi, nikapata harufu ya kioo tu. Nikakaa pale kwenye benchi na viatu vya watu. Jioni nikafika nyumbani nikakuta barua yako imepenyezwa chini ya mlango.

Ndiyo nakwambia, ilinikuta nimeshapigwa. Niliisoma nikaona umesema kweli yote. Nikakumbuka viti vya Bi Tone, nikajiambia mimi ndiye mshiko uliozidi, nimeng'ang'ania soksi hadi nikaziba kazi ya watu, na mtoto naye nitamziba hivyo hivyo. Nimlegeze. Dada ana nyumba, ana mume, ana mikono inayonukia. Dada ambaye amengoja mtoto miaka yote hiyo bila kumlaumu mtu. Na baba yake Kijiko tulishamaliza habari zake, huko hakuna wa kuuliza. Nilikata shauri kukubali.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hulijui, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Nilikuja. Jumapili ile ya upepo, uliyoniandikia baadaye kwamba nguo zilikuwa zinachomoka kwenye kamba, mimi nilikuwa nje ya ua wako. Sikukuarifu. Nilitaka nikwambie ndiyo kwa mdomo wangu, uso kwa uso, si kwa karatasi, kwa sababu mtoto si mzigo wa kuachwa kwa barua. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi hilo neno njia nzima. Nilipita nyuma, upande wa pipa, nikakuona unaanika, umeuma vibanio mdomoni. Na Kijiko alikuwa ameketi ngazini na beseni la maji na kile kikombe chake chekundu cha plastiki.

Alichovya, akamwaga. Akakiinua kikombe juani. Akafumba macho yote mawili, akafungua moja kwa kidole, akakigeuza polepole hivi, akakitazama. Hakuridhika. Akatikisa kichwa, akachovya tena. Ukamwambia kwa vibanio vyako mdomoni, "We fundi vikombe, unanimalizia maji!" Naye akakujibu bila hata kukutazama, "Bado, kina matone."

Dada, hilo hukumfundisha wewe.

Nilishika ule uzio. Chini ya meza siku ile hakuwa amenipa mgongo, au kama alinipa, alikuwa na macho mgongoni. Mikono yangu haikuwa na kitu cha kumpa puani, basi akachukua kingine, kimya kimya, akakaa nacho miezi yote hiyo bila kumwambia mtu. Na nikaona kitu kingine kilichoniua kabisa. Plastiki haiwezi kutelezesha maji. Hata uioshe mwaka mzima, maji yatakatika matone tu, ndivyo ilivyo. Mwanangu alikuwa anaosha kikombe ambacho hakiwezi kutakata, na dunia nzima hakuna wa kumwambia isipokuwa mimi.

Sikuingia. Najua utakasirika kwa hilo kuliko kwa yote, na una haki. Ningeingia, ningemnyakua nikaondoka naye vile vile na maji yake, na wewe ungebaki na vibanio mdomoni. Hukustahili kufanyiwa hivyo. Nikarudi kituoni nikapanda gari, nikalia mpaka jirani yangu wa kiti akaniachia dirisha.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Kijiko atarudi kwangu. Nimeandika hapa, nimesoma tena, sijafuta.

Usiniambie tena habari za mshiko, najua niliwahi kukueleza kwenye simu na ukaipenda. Bi Tone alikuwa anaeleza oksijeni, hakuwa ananieleza mimi. Nilikuwa nimeuachia unga unijibie swali langu, na unga hauna mtoto.

Utauliza nitamwacha na nani. Nitamwacha na fundi cherehani mchana. Tumeshazungumza. Utasema kumbe namnyima mama yake mkubwa, dada yangu wa tumbo moja, nampa mtu baki. Nimeliwaza hilo kabla yako, na linaniuma. Lakini jioni atarudi kwangu, kila jioni, na kwako hakuwa ananirudia. Yule mama ni mpole, ana maneno mengi, na tayari amemkatia gauni kwa kubahatisha kimo. Asubuhi atampaka mafuta yeye, kwa sababu ya kazi yangu. Jioni nitampaka mimi, mikono miwili, hadi kwenye viwiko, kisha usiku nitanawa. Bi Tone nimemwambia. Alisema sawa, ila nikirudi na soksi nyingine atanitia kwenye tindikali mimi mwenyewe.

Atalia. Najua atalia akikutaka, na hatalia kidogo. Sitamkataza kukuita Mama. Ana midomo ya kutosha kuita wawili. Na wewe nakuomba usimtume na mtu. Mlete mwenyewe, ulale hapa hadi azoee ukuta na cherehani. Kitanda ni chembamba, tutalala kama tulivyokuwa tunalala utotoni, wewe ukutani kwa sababu unapiga mateke. Kila likizo atakuja kwako, na hilo nalo nimeandika na sijafuta. Najua ua wako utakavyokuwa baada ya hapo. Kama kuna mtu anajua sauti ya nyumba isiyo na mtoto ni mimi, na ninakufanyia hivyo nikijua. Usinisamehe haraka. Nisamehe pole pole, ukiweza.

Nisalimie shemeji, mwambie asinune, nitampikia akipita na lori. Nisalimie majirani, na paka aliyesingiziwa. Kijiko mbusu kisogoni pale penye kishungi, usimwambie imetoka kwa nani, nitamwambia mwenyewe. Mimi niliye na deni la kila siku uliyomlea,

Mdogo wako.

Vitu ninavyohitaji uje navyo, nakuomba usiongeze wala usipunguze. Cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Viatu vyake, hata vinavyombana, nipate kujua mguu umefika wapi. Soksi ya njano iliyobaki, mwenzake yuko hapa. Kijiko chake, kile kilichopinda. Mafuta yake, si chupa mpya, ile ile uliyoifungua. Maneno ya ule wimbo unaomlaza nao, uniandikie yote, hata unayoyakosea, kwa sababu ndiyo anayoyajua. Kikombe chekundu lete pia, cha kioo nimeshamnunulia, tutaviweka pamoja aone tofauti.

Na ile shuka ya kijani mnayojifunika wewe na yeye. Usiifue.